Kipande cha Kaka

Kosa langu la kwanza katika kazi ya ukarani lilikuwa kusoma tangazo la matibabu vizuri mno. Sikukwama popote. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi chumbani kwangu kiasi kwamba ningeweza kulisema nikiwa nimefumba macho, na asubuhi ile, mbele ya wachuna magome waliojipanga wakingoja kuitwa majina, nililisoma lote, ukurasa wa kwanza na wa pili, bila kumeza hata silabi moja. Nilipomaliza nikauliza kama kuna swali. Hapakuwa na swali. Nikarudi ofisini nimejaa furaha, nikidhani kimya kile ni cha watu walioelewa.

Naandika haya kwa sababu kuna mtu ambaye nusura apoteze mguu, na pengine uhai, kutokana na kimya kile, na kwa muda mrefu nimekuwa nikikisimulia kisa hiki kana kwamba sikuhusika.

Lilikuwa shamba la miwati, miti ambayo magome yake hutumika kutengeneza ngozi, nje kidogo ya Njombe, kwenye baridi ile inayofanya vidole vikatae kushika kalamu asubuhi. Watu walikata miti na kuichuna magome, magome yakakaushwa na kufungwa mizigo, na malori yakayapeleka Makambako, ambako shamba lilikuwa na ghala pale njia panda. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule yangu iliishia darasa la nne kwenye misheni ya Kilutheri. Kilichobaki nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi iliyokosa jalada na kwa magazeti ya zamani yaliyofungiwa sabuni. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huishi na hofu moja, kwamba siku moja atakosea mbele za watu na wote watajua kuwa hakusoma. Niliandika kila barua mara tatu. Herufi moja ikitoka nje ya mstari, nilichana karatasi na kuanza upya. Meneja, Mwingereza asiye na maneno mengi, aliyapenda madaftari yangu, nami nilishiba sifa zile kuliko ugali.

Tangazo lenyewe alinipa kwa Kiingereza, nikalitia Kiswahili siku tatu. Ukurasa wa kwanza ulihusu ugonjwa wa kawaida: homa, kikohozi, tumbo. Mfanyakazi mwenye kipande, na jina lake limo kwenye kipande hicho, atatibiwa bure na dresa, mtoa dawa wa shamba. Ukurasa wa pili ulihusu kuumia. Mtu yeyote aliyeumia akifanya kazi ya shamba atatibiwa, hata kupelekwa hospitali, kwa gharama za shamba. Na akipungukiwa na kiungo atalipwa fidia, mradi taarifa itolewe mapema. Kurasa mbili, sheria mbili. Kwangu zilikuwa zimetengana kama vyumba viwili vyenye ukuta katikati.

Kitu nisichokijua kilikuwa hiki. Kipande ni kadi yenye visanduku thelathini, na kila siku ambayo mtu alifanya kazi nilitia sahihi katika kisanduku kimoja. Kadi isipojaa kwa muda uliowekwa, inakufa pamoja na siku zake zote, bila malipo. Sasa, mtu ana shamba lake la mahindi kwao, mvua imeanza, mke anajifungua, baba anazikwa. Afanyeje? Anamwita mdogo wake au binamu aje amshikie kipande. Huyo anaamka asubuhi, anaitikia jina la mwenzake, anachuna magome, visanduku vinajaa. Ubena mzima ulijua. Wanyapara walijua. Mimi niliyekuwa natia sahihi kila siku sikujua, kwa sababu sikuwa natazama nyuso. Nilikuwa natazama kama sahihi yangu imekaa katikati ya kisanduku.

Wiki kadhaa baada ya tangazo, mwanzoni mwa mvua, aliingia ofisini mama mmoja mtu mzima, nguo zimelowa mpaka magotini. Alikuwa ametembea kutoka kijiji cha Matembwe. Akanisalimu, "Kamwene," nami nikaitika, akakaa kwenye ukingo wa benchi kama mtu anayeogopa kulichafua.

"Mwanangu karani," akasema, "nimekuja kuuliza neno la mtu."

"Uliza, mama."

"Mtu akiwa ameshika kipande cha mwenzake, halafu ameumia, anafungwa?"

Nakumbuka kilichonijia kichwani. Halikunijia swali la nani ameumia. Nilifikiri: swali hili halimo katika tangazo. Nikaona aibu, kisha nikakasirika kwa sababu ya aibu.

"Kwanza," nikamwambia, "kipande ni chake au si chake?"

Mama akanitazama. Akashusha macho, akaanza kukamua pindo la kanga yake polepole. "Basi, mwanangu," akasema, "ni maneno tu ya watu." Akainuka. Alikuwa ameshafika mlangoni nilipoona kwamba maji ya nguo zake yameacha alama sakafuni, na hata hapo nilimwacha akaenda. Nilikaa pale nikitazama mstari niliokuwa nimeuanza kuandika. Sikuweza kuumaliza.

Nilitoka nikamtafuta nyapara wa kundi la magome. Alikuwa kwenye banda la kukaushia, anafokea watu waliofunga mizigo hovyo. Nilimvuta pembeni nikamwambia alichoniuliza yule mama. Uso wake ukabadilika.

"Amefika hapa mwenyewe? Kwa miguu?"

"Unamjua?"

"Namjua. Wana wawili. Mkubwa ndiye mwenye kipande, yuko kwao analima. Mdogo ndiye alikuwa anakishika." Akatazama huku na huku. "Shoka liliteleza kwenye gogo bichi, likamkata mguu. Siku ya sita leo."

"Siku ya sita! Na dresa amemwona?"

"Dresa gani? Wewe si ulisoma mwenyewe kwamba jina lako lisipokuwa kwenye kipande huna dawa? Kijana alijifunga kitambaa, akapanda lori la magome, yuko Makambako kwa wapakiaji. Anaogopa kwenda kwao, akionekana na kidonda watu watauliza."

"Sikusoma hivyo," nikasema. "Ukurasa wa pili—"

"Karani. Ukurasa wa pili mimi sikuusikia. Nilikuwa bado nahesabu ni wangapi kwenye kundi langu wanashika vya wenzao."

Kisha akaniambia jambo lililonitia baridi zaidi. Dereva wa lori aliyetoka Makambako jana yake alisema kijana ana mtoki kinenani, mkubwa kama yai la kuku, kwamba anaweweseka mchana, na kwamba mguu unanuka. Dereva wa mbao aliyepita Matembwe ndiye aliyemfikishia mama yake habari.

"Nenda kamlete," nikamwambia nyapara.

"Mimi akiniona atakimbia kwa mguu mmoja. Mimi ndiye niliyemruhusu kuitikia jina la kaka yake. Akitajwa yeye, natajwa mimi." Akaniangalia juu mpaka chini, shati langu jeupe, kalamu mfukoni. "Wewe ndiye uliyesoma. Nenda wewe."

Lori lilikuwa linamalizia kupakia. Meneja alikuwa amekwenda kukagua miti ya mbali na asingerudi kabla ya jioni. Sikuwa nimewahi kuondoka kazini bila ruhusa, hata kwa dakika tano. Nilichukua kitabu cha vyeti vya hospitali na zile kurasa mbili za tangazo, nikapanda mbele pamoja na dereva. Njia nzima niliuliza, "Tutafika saa ngapi?" mpaka dereva akasema, "Karani, ukiniuliza tena nitakushusha usukume."

Makambako wakati huo ilikuwa maduka machache, vumbi au tope kutegemea majira, na malori yanayongoja mizigo. Wapakiaji wetu walikuwa wamekaa mbele ya ghala juu ya mizigo ya magome, wanakula viazi. Waliponiona nashuka, mmoja wao, mtu mpana mwenye kofia ya sufu, akaruka akasimama juu ya mzigo, akainua kidevu, akashika karatasi ya hewani mbele ya macho na kuanza kusoma kwa sauti nyembamba ya puani:

"Wa-fa-nya-ka-zi wote mnata-nga-zi-wa! Asiye na jina hana dawa! Mwenye jina la mwenzake afe taratibu asisumbue ofisi!"

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na kiazi. Nilijua papo hapo kwamba ndivyo nilivyokuwa siku ile. Kile kidevu kilikuwa changu.

"Sikusema hivyo," nikasema.

"Sisi ndivyo tulivyosikia, bwana mkubwa."

"Yuko wapi kijana aliyekatwa mguu?"

Kicheko kikakatika. Yule wa kofia akashuka chini taratibu. "Hatumjui mtu wa hivyo," akasema. "Umekuja na askari?"

"Nimekuja na dereva wa magome. Mtazameni, huyo ni askari?"

Dereva akakohoa, akatema mate kando. Mtu mmoja akacheka kidogo. Lakini hawakusogea, na mimi sikuwa na maneno mengine niliyoyafanyia mazoezi. Nikasema tu lililonitoka: "Mama yake alikuja kwangu asubuhi, nikamfukuza kwa swali. Sikumsaidia. Ana mtoki, nimeambiwa. Mnajua mtoki wa kidonda unakwenda wapi. Kama yuko humu ndani, mimi sina hata dakika ya kubishana nanyi."

Wakatazamana. Yule wa kofia akanipisha njia.

Alikuwa ndani ya ghala, sehemu ya nyuma, amelala juu ya magunia, amejifunika blanketi mpaka kidevuni ingawa nje kulikuwa na jua. Kijana wa rika langu. Harufu niliisikia kabla ya kumwona. Nilipoinua blanketi miguuni, kidonda kilikuwa kimefungwa majani yaliyopondwa na tumbaku, na kitambaa kilikuwa kimegandamana na nyama. Vidole viwili vya mguu vilikuwa vyeusi. Mstari mwekundu ulipanda kutoka kifundoni mpaka nyuma ya goti, ukapotelea chini ya blanketi.

Alinitambua. Akajaribu kuketi.

"Nitarudi kazini Jumatatu," akasema.

"Hutarudi Jumatatu. Twende hospitali Njombe, lori liko nje."

"Siendi."

"Mguu huu utakuua."

"Siendi, karani. Nikienda wataniuliza jina. Nikisema la kaka, daktari atasema kaka yuko hapa ameumia, na kesho kaka ataonekana sokoni na miguu miwili. Nikisema langu, watasema huyu ni nani, hayumo kwenye vipande. Kaka atanyang'anywa kadi. Ana visanduku ishirini na tano. Ishirini na tano! Ana mtoto mchanga." Alihema. "Kama ni mguu, ni wangu. Visanduku si vyangu."

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba kaka yake hatanyang'anywa kitu. Sentensi ilikuwa tayari, nzuri, imekamilika. Ningeisema, angeinuka. Lakini sikujua kama ni kweli, na nilikuwa nimeshachoka kusema vitu vizuri.

"Sijui," nikasema. "Kuhusu kadi ya kaka yako sijui. Inawezekana ikafa. Mimi nitamwomba meneja, lakini siwezi kukuahidi."

Nilikuwa sijawahi kulitamka neno lile, sijui, mbele ya mfanyakazi. Kijana akainua kichwa kutoka kwenye magunia.

"Na mguu?"

"Mguu najua." Nikatoa ukurasa wa pili. Niliusoma mstari mmoja, nikaacha. Yule wa kofia alikuwa amesimama nyuma yangu, nikamgeukia, nikamwita ndugu kwa lugha yao. "Mnyalukolo, mwambie kwa Kibena nilichosoma. Halafu mwenzako anirudishie kwa Kiswahili ulichosema, tuone kama ndicho."

Akafanya hivyo. Alikosea pahali, nikamrekebisha. Nilikosea mimi pahali, akanirekebisha, maana neno nililolitumia hakuna Mbena anayelitumia. Wapakiaji walikuwa wamejaa mlangoni na maswali yakaanza kunimiminikia, maswali yale niliyoyangoja siku ya tangazo nisiyapate.

"Ukiumia unakwenda chooni?"

"Choo cha shamba, saa za kazi? Nadhani ndiyo. Nitauliza."

"Ukiumia umelewa pombe ya ulanzi?"

"Hapo sitakutetea."

"Basi huyu hapa hana lake!" wakamsukuma mwenzao, wakacheka.

"Na kama jina si lako?"

Nikaweka kidole kwenye mstari, ingawa wengi wao hawakujua kusoma. "Imeandikwa mtu yeyote aliyeumia akifanya kazi ya shamba. Ukurasa huu hautaji kipande. Nilipaswa kuwaambia hivyo kwa kituo. Sikuwaambia. Nilipita juu yake kama nilivyopita juu ya mengine, kwa sababu nilitaka nimalize bila kukosea."

Kijana aliyelala alisikiliza yote. Kisha akasema kwa yule wa kofia, si kwangu, "Niinueni."

Njia ya kurudi ndiyo siipendi kuikumbuka. Mvua ilianza tulipoacha njia panda. Dereva aliendesha polepole kwa ajili ya mashimo, na kila shimo lilimtoa kijana sauti. Tulikuwa tumembana katikati yetu mbele, mguu juu ya mapaja yangu. Mwili wake ulichoma kama jiko. Mahali fulani akaanza kuzungumza na watu wasiokuwepo, na hapo nikaogopa kwamba tutafika na maiti. Hospitali ilihitaji cheti cha shamba, kwa hiyo nilikiandika palepale, lori likiruka, kitabu juu ya goti lake lililo zima. Ni cheti kibaya kuliko vyote nilivyowahi kuandika. Herufi zilikwenda kama kuku waliotawanywa. Nilipofika kwenye nafasi ya jina, kalamu ikasimama.

Dereva aliona. "Andika la kaka yake," akasema. "Nani atajua? Jina liko kwenye kadi, kadi iko ofisini, kila kitu kinalingana."

Ni kweli, kila kitu kilikuwa kinalingana. Daftari langu lingekaa safi. Na kijana angelala katika kitanda cha hospitali chini ya jina la mtu mwingine, na kama angekatwa mguu, fidia ingeandikwa kwa mtu mwenye miguu miwili, na wangegundua, na wasingempa yeyote kati yao.

Nilimtikisa begani. "Jina lako wewe ni nani?"

Ilibidi nimuulize mara tatu. Kwa siku ishirini nilikuwa nimemwita kila asubuhi kwa jina la kaka yake, naye akaitika. Sasa akanitajia lake, kwa sauti ndogo, nami nikaliandika.

Daktari alimpokea bila maneno mengi. Akachomwa sindano, akakatwa vidole viwili vile vyeusi asubuhi yake, na kwa siku nne hakuna aliyejua kama wataukata na mguu. Kila jioni baada ya kazi nilikwenda kuuliza. Mama yake alikuwa amekaa barazani pamoja na akina mama wengine wenye wagonjwa. Hakunifukuza. Hakunisalimu pia, na sikuona kama nina haki ya kutangulia. Siku ya tano muuguzi akasema homa imeshuka na mstari mwekundu umerudi chini ya goti. Mguu ungebaki. Mama aliposikia alijifunika kanga usoni, nami nikaondoka ili nisiwe mtu wa kumtazama.

Taarifa ya ajali ilikuwa na swali: kwa nini tukio halikuripotiwa mapema? Nililiandika jibu mara moja tu. Niliandika kwamba tangazo halikueleweka, na kwamba aliyelisoma ni mimi. Nikaandika pia kwamba majeruhi alikuwa ameshika kipande cha nduguye, kwamba ndiyo desturi ya wengi, na kwamba nilikuwa nimetia sahihi siku ishirini bila kuitazama sura yake. Jina la nyapara sikulitaja. Hilo nalikiri hapa, kwamba taarifa yangu haikuwa kamili.

Meneja aliniita. Alisoma taarifa nikiwa nimesimama, na alipofika mwisho aliniuliza kwa nini nilikwenda Makambako bila ruhusa. Nikamwambia. Akaniuliza watu wangapi wanafanya kazi kwa vipande vya wenzao. Nikamwambia sijui. Akaikunja taarifa, akaniambia niondoke, na wiki mbili nzima nilingoja kufukuzwa, nikiamka kila siku nikiwa nimeshalifungasha sanduku langu akilini.

Sikufukuzwa. Fidia ya vidole viwili ililipwa kwa aliyevipoteza. Lakini kadi ya kaka yake ilikufa. Niliomba mara mbili, mara ya pili kwa maandishi, na meneja akasema kama ataihesabu hiyo itabidi azihesabu zote zilizojazwa na wasio na jina. Kaka alikuja mwenyewe ofisini kuichukua kadi yake iliyofutwa. Alikuwa mtu mpole, matope ya shambani bado yako miguuni. Akaitazama, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Visanduku ishirini na tano," akasema. "Ungenyamaza tu, karani."

"Mdogo wako angekufa."

"Najua," akasema. "Najua hilo pia." Akaenda zake.

Yapata miaka mitatu imepita. Mdogo wake anachechemea, analinda ghala la Makambako. Mimi bado ni karani wa shamba lile, na bado nachana karatasi. Kwa amri ya meneja, nyuma ya kila kipande sasa kuna mstari wa kuandika jina la ndugu mmoja anayeruhusiwa kukishika, na aliyeumia hupelekwa kwa dresa kwanza, kadi ikaulizwa baadaye.